Chumvi Imo, Ila Haijaingia

Neno lenyewe nililipata Tanga, usiku wa shughuli, chini ya turubai lililofungwa kwenye miembe miwili. Binti aliyesimama mbele ya kipaza sauti alijaaliwa. Pumzi ndefu, matamshi safi, kila kina kikianguka mahali pake, na fidla ilipopanda naye alipanda nayo bila kujikaza. Nina mazoea ya kuhesabu mizani kwa vidole popote ninaposikia shairi likiimbwa, na usiku ule nilihesabu beti tatu nzima: nane kwa nane, kumi na sita kila mshororo, haikupungua wala haikuzidi. Nikamgeukia shangazi yangu, aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu amevua viatu, maana alikuwa jikoni tangu alfajiri. Nikamwambia, huyu binti anajua.

"Anajua, mwanangu," akajibu. "Ila haiingii."

"Haiingii nini, shangazi?"

"Haiingii tu."

Kitenzi nilikijua. Kilichoninyima usingizi ni kile kiambishi cha mwanzo. Angesema "hauingii" ningejua anausema wimbo. Angesema "haingii" ningejua anamsema binti. Huenda alikusudia sauti, lakini sauti ilikuwa inaingia barabara, mpaka mtaa wa pili walikuwa wanaisikia. Hapana, ile *i-* ilikuwa ile tunayoitumia kila siku tunaposema inatosha, haifai, inauma, imekuwa. Kiswahili hukiita kiambishi hicho kazini pale ambapo jambo lipo na kila mtu analiona, lakini jina la kulitaja halijapatikana. Shangazi alikuwa na kitenzi mkononi, akakosa nomino, na hakuona kwamba amekosa kitu.

Mimi niliona, kwa sababu kazi yangu ni maneno. Tangu usiku ule nimekuwa nikiitafuta ile nomino.

Darasani tulipewa istilahi nyingi za kuusomea wimbo na shairi. Fani na maudhui ndizo nguzo. Chini yake zikaja vina na mizani, mishororo na vipande, ukwapi na utao, muundo, mtindo, taswira, tamathali, dhamira, ujumbe, msimamo. Ni istilahi zilizochongwa na watu makini na sizidharau hata moja. Ukiwa nazo unaweza kulifumua shairi uzi kwa uzi na kulirudisha kama lilivyokuwa. Lakini nilipozishusha zote juu ya wimbo wa yule binti, zote zilimpa alama za juu. Hakuna hata moja iliyoweza kusema alichosema shangazi kwa neno moja.

Tazama maneno haya yametoka wapi. Fani ni *fann* ya Kiarabu, na huko kwao ndiyo sanaa yenyewe, yote kwa jumla. Msanii wao huitwa *fannan*. Sisi tulilipokea neno hilo, tukalipunguza upana, na katika uhakiki likawa jina la umbo la nje: namna kitu kilivyotengenezwa. Sanaa nayo imetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kutengeneza, wa kazi ya mikono. Kwa Kiarabu cha leo jamaa ya neno hilo ndiyo inayotumika kutaja viwanda. Mizani ni ile ile ya dukani, ya kupimia sukari. Tuna na ufundi, ambao kwetu ni wa seremala, wa cherehani na wa mtunzi pia. Yaani maneno yetu makubwa ya sanaa karibu yote yanaitazama mikono ya mwenye kuunda. Yanauliza: ameundaje? Na hilo ni swali la haki. Sanaa bila ufundi ni kelele.

Hapa nina neno moja la pembeni. Kina cha shairi na kina cha bahari hutamkwa sawa, huandikwa sawa. Sidhani kama ni ndugu, na sitaki kuwaozesha kwa nguvu, lakini kila ninapomwona mwanafunzi akipigia mstari vina vya shairi kwa kalamu nyekundu natamani lile neno la pili lingemwita.

Neno moja tu katika ghala letu la muziki lilikuja likiwa limeutazama moyo tangu mwanzo, nalo ni taarabu. Wako wanaodhani ni ndugu wa ustaarabu. Si ndugu. Ustaarabu umetoka kwenye mzizi wa Waarabu wenyewe. Taarabu imetoka kwenye *tarab*, mzizi mwingine kabisa. Katika *Lisan al-Arab*, kamusi kubwa ya Ibn Manzur aliyefariki mwaka 1311, *tarab* inaelezwa kuwa ni wepesi unaomjia mtu kwa furaha kali au kwa huzuni kali. Wepesi! Furaha na huzuni hazitenganishwi. Kinachotajwa ni kile kitendo cha mtu kunyanyuliwa kutoka alipokuwa, iwe kwa kicheko au kwa chozi. Na mwimbaji kwa Kiarabu huitwa *mutrib*, maana yake anayewatia watu *tarab*. Kama hakuwatia, ameimba tu.

Sisi tulichukua jina la ile hali, tukalifanya jina la muziki wenyewe. Inasimuliwa kwamba ni Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, aliyeileta kasrini kwake kutoka Misri. Kikundi cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa mwaka 1905 na kipo hadi leo. Neno likazoeleka, likaenda Lamu, Mombasa, Tanga, Bara. Na kwa kuzoeleka likapoteza maana ile ya kwanza: siku hizi unaweza kusema taarabu ya jana haikuwa nzuri, na hakuna atakayeona kwamba umesema kitu kisichowezekana, kwamba kunyanyuliwa kwa jana hakukunyanyua. Tulikuwa na nomino niliyokuwa nikiitafuta. Tuliigawa kwa bendi.

Mtu wa kuanza naye katika habari hii ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, akakua akitembeza vyungu mjini kuviuza. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata kwa kuimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Kiswahili ikaanza kuuzwa dukani pwani nzima. Walikuwepo waliomkejeli kwa sura yake, na Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu, hakulificha hilo. Lakini aliimba mambo ya watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida ya mji wa Unguja, kwa lugha ya watu wa Ng'ambo. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja na muuaji akakimbilia Bara. Wasikilizaji walimjua marehemu, au walimjua aliyemjua. Binti wa wafinyanzi alikuwa na sanaa kwa maana ile ya kwanza kabisa, ya udongo na mikono. Kilichowafanya watu wajae uani kwake usiku hakikuwa ndani ya neno hilo.

Basi nikarudi kwa shangazi. Au tuseme, nilirudi jikoni, kwa sababu baada ya miezi kadhaa tulikuwa na shughuli nyingine ya ukoo na yeye ndiye mpishi. Nilimkuta nyuma ya nyumba, sufuria la pilau juu ya mafiga, nyama ikichemka kwenye supu kabla ya kutiwa mchele. Alichota supu kwa mwiko, akadondosha kidogo kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akailamba. Akasimama kimya. Kijana aliyekuwa akimsaidia akanyoosha mkono kuchukua kopo la chumvi.

"Acha," akamwambia. "Chumvi imo, ila haijaingia."

Hakuongeza kitu. Alivuta kuni mbili nyuma moto upungue, akafunika sufuria, akaketi kwenye kibao kuchambua mchele.

Nilisimama pale kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekipoteza. Usiku ule chini ya turubai shangazi hakuwa amekosa neno. Alikuwa ametumia neno la kazi yake. Chumvi imo: sauti imo, pumzi imo, vina vimo, mizani imo. Haijaingia: bado iko kwenye supu, imekaa pembeni ya nyama, ukionja unaionja chumvi na unaionja nyama, kila moja kivyake.

Tangu hapo nilianza kuyakusanya maneno tunayoyasema wimbo unapotufika, na kila nikiyakusanya najikuta jikoni. Ngoma imenoga, kama mchuzi. Hadithi imekolea, kama chumvi. Wimbo mtamu. Mashairi yake hayana ladha. Utunzi chapwa, kama chakula kilichokosa chumvi. Ladha yenyewe ni neno la Kiarabu la raha, likifika kwetu linakwenda moja kwa moja kukaa ulimini. Na si sisi peke yetu. India ya kale, katika kitabu cha sanaa za jukwaani kinachoitwa *Natyashastra*, chenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, jina la kile mtazamaji anachokipata ni *rasa*, maana yake maji ya tunda, utomvu, ladha. Kitabu kinafafanua kwa mfano wa chakula: jinsi viungo vingi vinavyochanganyika vikatoa ladha moja inayofurahiwa na mlaji, ndivyo hisia mbalimbali jukwaani zinavyokuwa *rasa* kwa mtazamaji. Huenda Siti aliposhuka Bombay mwaka 1928 hakuwahi kulisikia neno hilo, lakini alikuwa amefika katika nchi ambayo wenyewe wangemwelewa shangazi yangu bila mkalimani.

Sasa angalia Kiswahili kinavyofanya jambo moja zuri na vitenzi hivi. Kukolea na kutia chumvi. Vyote viwili ni vya jikoni na vyote viwili huchukuliwa kwenda kwenye maneno. Msimulizi akitia chumvi, amezidisha, anadanganya. Hadithi ikikolea, imefika. Chumvi ni ile ile. Tofauti iko kwenye mtenda. Katika kutia chumvi kuna mtu na mkono wake, unamwona anatia. Katika kukolea hakuna mtu. Chakula chenyewe ndicho kiima cha sentensi, na kinachotokea kinatokea ndani ya sufuria, chini ya kifuniko, kwa moto na muda. Lugha inajua pia namna ya kumrudisha mtenda, kunogesha na kukoleza, lakini sikiliza tunavyovitumia: mshereheshaji ndiye anayenogesha, kwa vichekesho na vigelegele. Kukoleza ni kwa moto na kwa ugomvi. Mwimbaji wa kweli hatumwambii umenogesha. Tunasema imenoga. Tena ile *i-*.

Panga vitenzi vingine kandokando: kuguswa, kusisimka, kupagawa, kushikwa, kuingiwa. Ama ni vya kutendwa, ama ni vya kitu kujitendekea. Kiima ni msikilizaji au ni kazi yenyewe, si msanii. Sarufi imemwondoa fundi katikati ya uwanja bila kumfukuza. Nadhani huo ndio uamuzi wa wasemaji wa lugha hii kwa vizazi vingi, na ni uamuzi wa busara kuliko mwingi uliofanywa kwenye vitabu vya uhakiki: ufundi ni wa msanii, lakini kukolea hakumilikiwi na mtu.

Kusisimka nako kuna hadithi yake. Wimbo ukiingia, mwili husisimka, malaika husimama. Malaika hapa ni yale manyoya laini ya mkononi na shingoni. Kamusi huliweka neno katika umoja, laika. Limekutana kwa sauti na malaika wa mbinguni, na pia na malaika tunayemwita mtoto mchanga, na sijawahi kumsikia mzee akisema malaika yamenisimama bila ya wote watatu kupita mbele ya macho yangu. Wataalamu wawili wa Montreal, Anne Blood na Robert Zatorre, walichapisha mwaka 2001 utafiti wao juu ya msisimko huu. Waliwachukua watu 10 wenye elimu ya muziki, wakapiga picha bongo zao huku wakisikiliza. Muziki ulipowasisimua, sehemu za ubongo zilizoamka zilikuwa miongoni mwa zile zinazoamka kwa chakula kitamu. Nilipolisoma hilo nilitamani kumpigia shangazi simu.

Lakini lililonikaa zaidi ni namna walivyoupanga utafiti. Kila mmoja aliombwa kuja na muziki wake mwenyewe, ule anaojua unamsisimua. Muziki wa mmoja ukapigwa kwa mwenzake kama kipimo cha kulinganishia, na kwa yule mwenzake malaika hayakusimama. Wote waliujua muziki, na kwa elimu yao wangeweza kueleza ufundi wa kila kipande. Ufundi ulikuwa ule ule kwa wote wawili. Kwa huyu uliingia, kwa yule ulikuwemo tu.

Kuna kundi la tatu la maneno, na hili linatoka kwa waganga. Magazeti yanapenda kuandika mashabiki wapagawa, na tumelisoma mara nyingi kiasi kwamba tumesahau kuwa kupagawa ni kuingiwa na pepo. Vijana wana mzuka: msanii ana mzuka, mzuka umepanda. Mzuka ni kiumbe kinachozuka, kivuli cha mfu. Wakati mwingine wazee hukunja uso wakilisikia neno hilo kwa sababu linasikika la kihuni. Mimi naliheshimu. Mshairi Mhispania Federico García Lorca alitoa mhadhara Buenos Aires mwaka 1933 juu ya jambo hili hili, na neno alilolitumia ni *duende*, ambalo kwa Kihispania cha kawaida ni kijipepo cha ndani ya nyumba. Mzuka, kwa ufupi. Alisimulia habari ya mwimbaji wa flamenko, Pastora Pavón, akiimba katika baa huko Cádiz. Aliichezea sauti yake kwa kila namna aliyoijua, na watu wakakaa kimya, hawakuguswa. Mmoja akamtupia neno la kejeli. Mama yule akainuka kama mwenda wazimu, akanywa pombe kali kwa mkupuo, akaimba bila sauti, bila pumzi, koo likiungua, na hapo ndipo ukumbi ulipochafuka. Lorca alisema ilibidi aivunje sauti yake mwenyewe, maana alijua waliokuwa wakimsikiliza hawakutaka umbo, walitaka kiini.

Naipenda hadithi hiyo lakini siikubali yote. Inamfanya mtu adhani kwamba kinachohitajika ni kuvunja ufundi, na wapo wasanii wetu wengi waliovunja wasichowahi kuwa nacho. Chumvi kwanza lazima iwemo.

Neno jingine la kundi hili limepatwa na msiba. Jazba kwa Kiarabu ni mvuto, kuvutwa, na katika tarika za Kisufi ni kule mja kuvutwa na Mola wake hadi ajisahau. Kwa maana ya asili, jazba na mvuto ni neno moja katika nguo mbili. Kwetu leo jazba imekuwa kosa: usizungumze kwa jazba, alijibu kwa jazba, jazba zilimponza. Na mvuto umekwenda kwenye matangazo ya sabuni. Wahakiki wanapoandika kwamba kazi fulani ina mvuto, siamini kwamba kuna aliyevutwa.

Hasara ya kukosa maneno haya darasani niliiona wazi katika mjadala mkubwa wa ushairi wetu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, na kwa miaka mingi kitabu hicho kikawa kipimo. Miaka ya 1970 moto ukawaka. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitoa *Sauti ya Dhiki* mwaka 1973, mashairi aliyoyatunga gerezani kuanzia 1969 hadi 1972 baada ya kufungwa kwa ajili ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*. Aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na kwa sehemu kubwa yakashika vina na mizani kama yalivyoshikwa na mababu. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, akatoa *Kichomi*, na humo akaviacha vina na mizani kando. Watu wakagawanyika. Huku wakasema bila vina si shairi, ni guni, ni insha iliyokatwakatwa. Kule wakasema vina ni minyororo. Wasomi wakabishana kwa miaka, na sehemu kubwa ya ubishi huo ilikuwa juu ya kopo la chumvi: litiwe au lisitiwe.

Weka vitabu vile viwili mezani usome majalada tu. Kimoja kinaitwa dhiki. Cha pili kinaitwa kichomi, lile jina la maumivu yanayochoma kifuani au ubavuni hata mtu akashindwa kuvuta pumzi. Mmoja alishika sheria zote akiwa chini ya ulinzi, mwingine aliziacha akiwa huru, na wote wawili walipotafuta jina la kazi yao walikwenda kuchukua neno la maumivu. Walikuwa wanatuambia kazi hizi zisomewe wapi. Nimewasomea wanafunzi vitabu vyote viwili kwa sauti, na nimewaona wakinyamaza kwa vyote viwili, mahali tofauti, watu tofauti.

Maumivu hayo yananifikisha kwenye neno ambalo, kama ningelazimishwa kuchagua nomino moja, ndilo ningelichagua: uchungu. Tunasema aliimba kwa uchungu, na ni sifa kubwa. Si kwamba alikuwa analia. Wimbo wa harusi nao huweza kuimbwa kwa uchungu. Uchungu ni ladha, ya shubiri na ya dawa. Uchungu ni utungu wa mama anayejifungua. Uchungu ni kujali: ana uchungu na nchi yake, ana uchungu na mali ya watoto yatima. Hakuna neno jingine ninalolijua linalobeba ulimi, mwili na dhamiri kwa pamoja namna hii. Na halipingani na utamu. Watu watakwambia wimbo ule mtamu kwa sababu unaimbwa kwa uchungu, na hakuna atakayeona kwamba umechanganya.

Nilijaribu kulipeleka darasani. Nikawaambia wanafunzi waandike, pamoja na fani na maudhui, wapi shairi limewaingia, na kama halikuwaingia waseme chumvi gani imo. Siku za mwanzo waliandika kwa woga, kwa sababu walizoea kwamba majibu ya mtihani hayana "mimi". Baadaye mmoja aliandika kwamba shairi zima lilikuwa nje yake isipokuwa neno moja katika ubeti wa nne, neno la jina la samaki ambalo bibi yake hulitamka vile vile. Alilifuata neno lile mpaka akaueleza muundo wa shairi lote, na fani yake ilikuwa bora kuliko ya wenzake wote, maana alikuwa anajua anatafuta nini. Istilahi zile zile za zamani, ila safari hii zilikuwa na kazi.

Limebaki neno moja, na hili ni la ukumbini. Mtu akiinuka taarabuni kwenda kumpa mwimbaji fedha, huitwa kutunza. Kutunza pia ni kuhifadhi, kulea, kukiangalia kitu kisiharibike. Sijui mwimbaji anapotunzwa ni nani anayehifadhiwa. Sikiliza ukumbi: watu hawainuki mwisho wa wimbo, kama wapigao makofi. Huinuka katikati, kwenye mshororo wao. Wimbo una beti sita, na kila ubeti una watu wake.

Usiku ule wa turubai, baada ya yule binti kushuka, alipanda mwanamke wa makamo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kifua kimebana kidogo kwa baridi ya usiku. Wimbo ulimhusu mtu aliyekwisha kufunga mlango, akala, akazima taa, na bado masikio yake yako njiani yakisikiliza hatua. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza. Ubeti wa kwanza, sawa. Ubeti wa pili, mshororo wa tatu, nikapata kumi na saba. Nikahesabu upya alipourudia. Kumi na saba, mizani moja imezidi, guni. Nikageuka kumwambia shangazi.

Alikuwa ameinamisha kichwa, anahangaika na fundo kwenye pindo la kanga. Lilikuwa limekazwa sana, tangu asubuhi pengine. Vidole vilivyokuwa vimepikia watu mia mbili vilikataa kulifungua, akalipeleka mdomoni akalilegeza kwa meno. Ikatoka noti iliyokunjwa mara nne. Hakuikunjua. Aliinuka, viatu akaviacha chini ya kiti, akapita katikati ya meza miguu mitupu juu ya mchanga, akaenda hadi mbele, akaiweka mkononi mwa mwimbaji bila kumtazama usoni, naye mwimbaji hakumtazama, akaurudia ule ule mshororo wa kumi na saba. Sikujua umemkuta wapi, na aliporudi kuketi sikumwuliza. Mkono wangu ulikuwa bado chini ya meza, vidole vimekunjwa, nikiwa nimeishikilia ile mizani moja iliyozidi.